French ya akriliki: nyeupe inaingia kwenye pinki, pembe hazilingani. Nifanyeje?

Furaha wa Kadutu (Bukavu)

Habari zenu wote. Naomba msaada wa watu wanaofanya kucha kwa mikono yao wenyewe, maana video nimeziangalia nyingi na bado.

Nafanyia kazi Kadutu, chumba kidogo karibu na soko, meza moja na kiti cha mteja. Rangi moja naipaka vizuri, maua madogo naweza, wateja wanarudi. Kinachonisumbua ni French ya akriliki (poda inayochanganywa na maji yake ikawa ngumu juu ya kucha), pinki nyuma na nyeupe mbele. Pale nyeupe inapokutana na pinki sipati ule mstari safi wa tabasamu, yaani uliopinda kama mdomo unaocheka. Tonge la nyeupe nikiliweka linakaa vizuri, ila nikianza kulivuta kwenda pembeni linalegea, linaingia kwenye pinki, na ninabaki na ukungu wa kijivu. Nikichukua poda kavu zaidi ili isitembee, inakatikakatika na mstari unatoka na meno. Halafu kuna pembe, zile ncha mbili za tabasamu. Ya kushoto inapanda, ya kulia inabaki chini. Kidole kimoja peke yake huwezi kuona sana, lakini mteja akiweka vidole kumi mezani kwa pamoja, kila mtu anaona.

Wateja wangu wa Jumamosi wengi ni wa mahari na ndoa. Bibi-arusi anapigwa picha akivishwa pete, na mkono ule utatazamwa na familia mbili kwa miaka. Nataka ukitazamwa uwe mzuri.

Natumia poda nyeupe, pinki nzito ya kufunika, brashi namba 8, na maji ya akriliki ninayonunua kwa mama anayeyaleta kutoka Kigali. Mbele nabandika kapsuli, zile ncha bandia za plastiki, kisha nazikata. Asubuhi za mvua akriliki inachelewa kushika, mchana kukiwa na jua inawahi mno. Sijui kama hilo nalo linahusika.

Nianze na nyeupe au na pinki? Brashi naishikaje wakati wa kusafisha mstari? Na pembe mnazipimaje?

Binti Himbi (Goma)

Dada Furaha, pole. Mimi akriliki ya rangi mbili siifanyi, natumia njia mbili rahisi.

Ya kwanza ni kapsuli nyeupe za French, zile ambazo tabasamu limeshakatwa kiwandani. Unachagua saizi inayofika kuta zote mbili za kucha bila kubana, unagandisha, unafunika kwa poda isiyo na rangi. Ya pili ni muhuri wa silikoni, ule laini unaong'aa. Unapaka rangi nyeupe ya jeli, ile inayogandishwa kwa mwanga wa taa, juu ya muhuri, kisha mteja anazamisha ncha ya kucha kwa kuiinamisha. Silikoni inajikunja kufuata kucha na tabasamu linatoka. Ukiinamisha kucha zaidi, tabasamu linakuwa na kina zaidi.

Kwa mtu mwenye haraka zinasaidia.

Yaya wa Nguba (Bukavu)

Furaha mdogo wangu, aksanti kwa kueleza vizuri, maana katika maneno yako mwenyewe naona tayari kinachotokea mezani kwako. Nitajibu kwa urefu. French ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, na inaniuma kuona wasichana wa mji wetu wanaiacha wakidhani inahitaji mkono wa kuzaliwa nao. Tabasamu linatokana na unyevu wa tonge, usafi wa brashi na mahali unapoweka pembe. Hayo yote yanafundishika.

Binti Himbi amesema kweli kuhusu haraka. Lakini kapsuli iliyokatwa kiwandani ina tabasamu moja kwa watu wote, na vidole vya watu si sawa. Muhuri nao unaacha tabaka jembamba la rangi juu tu. Mteja akirudi baada ya mwezi huna nyeupe ya kurekebisha, unaanza upya.

Tonge kwanza. Likilegea mara unapoligusa, lina maji mengi. Nadhani unachovya brashi mpaka kwenye tumbo halafu unaingia moja kwa moja kwenye poda. Kwa nyeupe usifanye hivyo. Chovya, kamulia brashi kwenye ukingo wa kikombe pande zote mbili, kisha gusa poda kwa ncha tu na uvute mstari mfupi polepole. Ipe poda nafasi inywe maji kabla hujaiinua. Tonge zuri linashika umbo lake kama bugali ulioiva, linang'aa juu, halimwagiki, halina nyufa. Liweke kwenye kucha usiliguse kwanza. Likitandaa lenyewe mpaka kwenye kuta, lipanguse uchukue lingine, usijaribu kulibembeleza. Likikaa wima na uso wake una chembechembe, ni kavu, na huko ndiko meno yanakotoka. Unalotaka linalegea kidogo tu, linatulia, linakusubiri.

Tonge linawekwa katikati ya sehemu nyeupe, si juu ya mstari. Likandamize kwa tumbo la brashi kuelekea ukuta wa kulia, kisha wa kushoto. Halafu, kabla ya kitu kingine chochote, sukuma nyeupe kidogo kwa ncha ipande kwenye kila ukuta. Hizo ndizo pembe zako. Pembe zinatangulia, tumbo la tabasamu linafuata. Wengi wanaanza kwa kuchonga katikati hadi ipendeze, na wakifika pembeni akriliki imeshaanza kushika. Pembe moja wanaiwahi, nyingine inawakatalia. Nadhani ndiyo sababu yako inayopanda ni ya kushoto kila mara: huo ndio upande unaoanza nao.

Sasa kusafisha. Pangusa brashi kwenye karatasi, ichovye kidogo sana, ipanguse tena, ibonyeze kwenye karatasi hadi ncha iwe bapa na kali. Shika brashi ili ukingo huo mwembamba ndio uguse mstari. Toka pembe ya kushoto ushuke hadi katikati, inua. Karatasi. Toka pembe ya kulia ushuke hadi katikati, inua. Karatasi tena. Usivute kutoka pembe hadi pembe kwa mkupuo mmoja, maana mkono wa mtu unapinda pale kiwiko kinapogeuka. Na karatasi usiionee uchoyo. Ule ukungu wa kijivu unaouona ni nyeupe nyembamba iliyobaki kwenye nywele za brashi, umeipaka juu ya pinki kwa maji. Ukiona brashi imebaki na rangi, mstari hautasafika hata ukiupitia mara ngapi, utazidi kuchafuka.

Ulivyouliza kuhusu nyeupe au pinki kwanza: kwa wewe, na hasa kwa bibi-arusi, anza na pinki.

Weka pinki ya kufunika mpaka ipite kidogo pale unapotaka tabasamu liwe. Usijali umbo lake la mbele. Iache ishike kabisa, uigonge kwa mti wa brashi usikie sauti kavu. Kisha chukua tupa mpya ya 180 yenye ukingo mkali, au mashine ya kusaga ukiiendesha polepole, uchonge tabasamu ndani ya hiyo pinki. Hapa huna haraka ya akriliki kukauka, imeshakauka. Unachonga, unatazama, unachonga tena. Kosa la upande mmoja linarekebishika kwa mpapaso wa tupa.

Ila ukuta wa pinki lazima usimame wima. Hili wengi hawaambiwi. Ukiulaza, nyeupe itakuwa nyembamba pale mwanzo wake, pinki itaonekana chini yake, na mstari utaonekana umefifia hata kama umenyooka. Ukisimama wima, nyeupe inaanza na unene wake wote na mstari unakata. Toa vumbi kwa brashi kavu, ingia mpaka kwenye kona ya chini ya ukuta, kwa sababu vumbi likibaki pale linageuka vitone kwenye mstari. Usiguse kwa kidole, mafuta ya ngozi yanafanya nyeupe iachie.

Baada ya hapo weka nyeupe mbele ya ukuta, isukume irudi nyuma mpaka iuguse. Tonge hili linaweza kuwa na maji kidogo zaidi kuliko lile la kwanza, kwa sababu lina kitu cha kuliegemea na litajaza kona bila kuacha tundu. Ikimwagika juu ya pinki usihangaike kuifuta. Ikishika, utaipitishia tupa na mstari utajitokeza chini yake safi. Malizia kwa poda isiyo na rangi juu ya kucha nzima, na wakati wa kuweka pinki na nyeupe ukumbuke kuiachia nafasi, la sivyo kucha itakuwa nene na bibi-arusi atashindwa hata kufunga kifungo.

Pembe. Usifuate mstari wa asili wa kucha ya mteja. Mara nyingi uko upande, hasa kwa mtu anayekula kucha au aliyeumia zamani, na pinki yako nzito ipo ili kuufunika. Chukua kijiti cha mti, kile cha kusukumia ngozi, kiweke pembeni ya kucha kikianzia kwenye kona ya ngozi ya mzizi, tia alama ya kalamu juu ya kijiti pale unapotaka pembe. Peleka kijiti hicho hicho upande wa pili. Alama moja, pembe mbili. Kila kidole kina alama yake, lakini kidole cha pete cha kulia na cha kushoto vinatumia moja.

Kisha geuza mkono. Wewe unakaa mbele ya mteja na unaona kucha kutoka upande mmoja, yeye anaziona kutoka upande mwingine. Zungusha kidole ncha ikutazame, halafu mwambie mteja aweke viganja mezani, wewe usimame nyuma ya bega lake. Pembe iliyodanganya utaiona hapo hapo. Kidole gumba kifanye peke yake, kikiwa kimelazwa bapa. Kikiwa pamoja na vingine kinalala ubavu na tabasamu lake linatoka limepinda.

Urefu wa nyeupe: theluthi moja ya kucha nzima inapendeza kwenye mikono mingi. Kwa dada mwenye kucha fupi na pana, chonga tabasamu lenye kina na pembe ndefu, kidole kinaonekana kirefu. Mwenye kucha ndefu nyembamba usimpe kina kirefu, kucha itafanana na ukucha wa ndege.

Hali ya hewa inahusika, ndiyo. Mji wetu uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya mvua baridi inaingia mpaka kwenye chupa. Akriliki ikiwa ya baridi inachelewa, nyeupe inapata muda wa kutembea. Mara nyingine uso wake unatoa michirizi kama barafu. Mpe mteja kikombe cha chai ya moto akishike kwa mikono miwili kabla hujaanza, kucha yenye joto inasaidia sana. Lakini chupa usiipeleke karibu na babula, jiko la makaa! Maji yale yanashika moto, na mvuke wake pia. Mchana wa jua fanya kinyume: tonge dogo zaidi, kidole kimoja hadi kiishe.

Na muulize huyo mama wa Kigali: maji yake ni EMA au MMA, aina mbili za kemikali za akriliki? Marekani ilianza kuyaondoa sokoni maji ya kucha ya MMA tupu tangu miaka ya 1970, kwa sababu ya madhara kwa kucha na ngozi. Ni ya bei rahisi, ndiyo maana bado yanazunguka. Utayajua kwa harufu kali ya kuchoma, kwa kucha ngumu inayokataa tupa, na kwa kukataa kulainika hata ukiiloweka kwenye asetoni. Kucha ya namna hiyo ikigonga mlango haivunjiki, inang'oa ya mtu mwenyewe.

Furaha wa Kadutu (Bukavu)

Yaya, aksanti sana, Mungu akubariki. Kweli naanzaga kushoto. Nimejaribu pinki kwanza kwenye mkono wa mazoezi na mstari umetoka, nimemwita hata jirani aje aone. Ukuta wima ndio nilikuwa siujui.

Bibi-arusi wangu ana nguo tatu: kitenge siku ya mahari, nguo ya bluu ya kwenda komini, na ile nyeupe ya kanisani. Anauliza kama French itakubali zote bila kubadilisha.

Yaya wa Nguba (Bukavu)

Itakubali, na ndiyo kazi iliyoizaa. Anayetajwa kuianzisha ni Jeff Pink, mwenye kampuni ya ORLY ya Marekani, miaka ya 1970. Waigizaji wa filamu walikuwa wanabadilisha nguo mara nyingi kwa siku, na kupaka upya rangi ya kucha kila mara kulikuwa kunapoteza muda. Akawatafutia rangi isiyogombana na nguo yoyote. Bibi-arusi wako yuko katika hali ile ile. Ila nyeupe ya poda kali sana pembeni ya gauni la rangi ya maziwa inafanya gauni lionekane la zamani. Mwambie akuletee kipande cha kitambaa cha gauni kabla hujachagua nyeupe.

Mtoto wa Kamalondo (Lubumbashi)

Shikamoo yaya, nimesoma yote. Naongeza upande wa jeli, na jambo moja silikubali.

Nisilolikubali: kwa anayejifunza, nyeupe kwanza isiachwe. Ndiyo inayofundisha mkono kusoma tonge. Ukizoea tupa ikuokoe, siku ya mteja mwenye haraka utakwama, kwa sababu pinki kwanza inakula muda.

Kwa jeli, chagua nyeupe nzito isiyotembea, ile inayobaki pale brashi ilipoiacha. Nyeupe laini inayojisawazisha yenyewe ni nzuri kwa kucha ya rangi moja, kwa tabasamu itakimbilia kwenye kuta. Paka kidogo, chora pembe kwa brashi nyembamba ndefu, kisha safisha kwa brashi bapa iliyoguswa kwenye alkoholi, ukivuta kutoka upande wa pinki. Ukipata kidole kimoja sawa, kiingize kwenye taa sekunde chache tu ili kigande, uende kingine. Ukingoja vitano viishe, cha kwanza kitakuwa kimeshatembea. Mwisho unavikausha vyote kwa muda kamili ulioandikwa kwenye chupa.

Nyeupe isiwe nene kwa mara moja. Rangi ile nyeupe inazuia mwanga wa taa usifike chini, juu kunakuwa kugumu na ndani kubaki kubichi. Jeli mbichi ikigusana na ngozi mara kwa mara inaleta mzio, mwasho na malengelenge, na mzio huo mtu anabaki nao. Tabaka mbili nyembamba, kila moja taani. Na sisi wenye taa za betri kwa sababu umeme unakatika: betri ikikaribia kuisha mwanga unapungua na macho hayatambui. Ichaji kabla ya kila mteja wa French.

Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni baridi kweli, jeli inakuwa nzito hadi inakataa kutoka kwenye chupa. Chupa iliyofungwa vizuri naiweka mfukoni wakati naandaa kucha.

Yaya wa Nguba (Bukavu)

Marahaba mwanangu. Kwa mazoezi nakubali, nyeupe kwanza kila siku kwenye mkono wa plastiki. Kwa bibi-arusi wa Jumamosi naendelea kusema pinki kwanza.

Furaha wa Kadutu (Bukavu)

Nimewaelewa wote wawili, nitafanya hivyo. Swali la mwisho: mteja akirudi baada ya mwezi, tabasamu limesogea mbele. Natoa yote au naweza kulirudisha?

Yaya wa Nguba (Bukavu)

Unalirudisha. Kucha ya mkono inakua milimita tatu na kitu kwa mwezi, kwa hiyo nyuma una nafasi tupu, na mbele nyeupe imekwenda mbali. Kwanza kagua kama kuna sehemu imeachia, hasa pembeni. Iliyoachia itoe yote, usifunike maji ndani. Kisha fupisha kucha, punguza unene wa kucha nzima kwa tupa, na uchukue kile kijiti chenye alama. Pima upya kutoka kwenye ngozi ya mzizi na uchore kwa penseli mahali tabasamu lilipokuwa siku ya kwanza.

Kutoka mstari huo kwenda mbele, chimba pinki ya zamani kwa mashine au ukingo wa tupa, ukiacha tabaka jembamba chini ili usifike kwenye kucha ya mteja. Ukisikia mteja anasema panapata moto, umeshuka sana, inua mkono. Ukuta usimame wima kama mwanzo. Jaza nyeupe, jaza pinki nyuma kwenye nafasi iliyokua, funika kwa poda isiyo na rangi. Kwa hiyo kijiti cha kila bibi-arusi usikitupe. Andika jina lake juu, kiweke kwenye bahasha.